Mambo ya ajabu ya mwili wa binadamu, na jinsi yalivyojulikana (mengine jipime mwenyewe hapo ulipo)

Mdadisi

Wakuu, salaam.

Orodha za maajabu ya mwili zimejaa kila kona, na nyingi zina kasoro ileile: zinakutupia namba halafu basi. Unaambiwa mishipa ya damu ikiunganishwa inaizunguka dunia mara kadhaa. Sawa, nani aliipima, na kwa njia gani? Kwangu mimi ajabu isiyoelezwa ilivyojulikana haina tofauti na uvumi. Kwa hiyo uzi huu una kanuni moja. Kila ninachoandika, ama unaweza kujipima mwenyewe, ama nitaeleza watu walikijuaje. Mwenye nyongeza karibu, ila naye aje na maelezo.

Tuanze na jicho, maana halihitaji maabara.

Chukua karatasi nyeupe. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto, halafu kulia kwake, umbali wa kama sentimita 8, weka doa jeusi la ukubwa wa punje ya dengu. Fumba jicho la kushoto. Jicho la kulia likodolee msalaba bila kuuacha, doa ulione kwa pembeni tu. Sasa shika karatasi kwa mkono ulionyooshwa, uisogeze usoni taratibu. Ikifika kwenye sentimita 30 hivi doa litatoweka. Halififii, linaondoka kabisa, na mahali pake unaona weupe wa karatasi. Sogeza zaidi, linarudi.

Hapo ndipo mshipa wa fahamu wa jicho unapotokea. Nyuzi zaidi ya milioni 1 zinakusanyika na kutoboa ukuta wa nyuma wa jicho zielekee kwenye ubongo, na pale zinapopita hakuna hata seli moja ya kupokea mwanga. Aliyegundua ni Mfaransa Edme Mariotte, miaka ya 1660. Alikuwa ameona kwamba mshipa ule hauingii katikati ya jicho bali kwa pembeni, akataka kujua kama kuona kuna nguvu zaidi au pungufu hapo unapoingia. Akabandika vikaratasi ukutani, akafumba jicho moja, akaanza kurudi nyuma. Kimoja kikapotea.

Umeishi na tundu hilo katika kila jicho tangu kuzaliwa na hujawahi kuliona. Macho mawili yanafichiana, hilo ni jepesi kuelewa. Lakini hata ukifumba moja, ubongo unachukua rangi za pembeni na kupaziba. Haukwambii kwamba hapo haujui kilichopo, unakupa jibu na wewe unaamini umeona. Pweza hana tatizo hili, kwa sababu kwake nyuzi zimepita nyuma ya seli za mwanga na hazihitaji kutoboa kitu.

Jingine la jicho: simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, rudia. Hutayaona macho yako yakihama. Mtu aliyesimama kando yako anayaona wazi. Ubongo hupunguza sana taarifa za macho wakati yanaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine, la sivyo dunia ingekuwa inayumba kutwa nzima. Ukitumia kamera ya mbele ya simu utayaona yakihama, kwa kuwa picha ya simu inachelewa kidogo na kukufikia macho yakiwa yameshatulia.

Naendelea kwenye mikono.

Nuru77

Nimejaribu la karatasi mara mbili nikadhani nakosea, la tatu doa likaenda. Mkuu, nimekaa nalitazama lile tupu. Endelea kushusha nondo.

Mdadisi

Nuru77, jaribu tena, safari hii pitisha mstari mnene wa wino juu ya doa, utokeze juu na chini. Wengi huona mstari umeendelea moja kwa moja, kama doa halikuwahi kuwepo.

Mikono sasa. Weka mkono mezani, kiganja juu, kisha uchezeshe vidole huku mkono mwingine umeshika katikati ya kiwiko na kifundo. Unasikia misuli inavyotambaa chini ya ngozi? Hiyo ndiyo inayokunja vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hakuna msuli wa kuvikunja wala kuvinyoosha. Vinavutwa na kano ndefu kutoka juu, vikisaidiwa na misuli midogo ya kiganja.

Ukiwa hapo hapo, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu kunja kifundo kidogo. Wengi wataona kano moja imeinuka katikati ya kifundo, nyembamba. Wengine hawana kabisa, au wanayo mkono mmoja tu, na nguvu ya mkono haipungui kwa namna ya maana. Madaktari wa upasuaji wanaipenda kwa sababu hiyo. Kano muhimu ya sehemu nyingine ikikatika, wanaichukua hii kuitengenezea.

Na kujikunja kwa ngozi ya vidole ukikaa majini? Nilifundishwa kwamba ngozi inafyonza maji na kuvimba. Hilo haliwezi kuwa jibu kamili, na tunajua hivyo kwa sababu ya wagonjwa. Mwaka 1936 madaktari wawili wa Uingereza, Thomas Lewis na George Pickering, waliandika kwamba mtu ambaye mshipa wa fahamu wa mkono umeharibika, vidole vinavyohudumiwa na mshipa huo havijikunji majini, wakati vya jirani vinajikunja kama kawaida. Maji ni yaleyale, ngozi ni ileile. Kinachotokea ni kwamba mfumo wa fahamu unaagiza mishipa midogo ya damu ya ncha za vidole ibane, nyama ya ndani inapungua, ngozi ya juu inabaki kubwa kuliko ilichofunika, inajikunja. Madaktari wamewahi kutumia jambo hili kama kipimo: mtoto mdogo asiyeweza kueleza kama anahisi au hahisi, mkono unalowekwa majini kisha wanaangalia kidole kipi kimebaki laini.

Kuhusu faida yake bado wanabishana. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, mwaka 2013 walionyesha kwamba vidole vilivyojikunja vinahamisha gololi zilizolowa haraka zaidi. Mwaka uliofuata wengine wakapima tena, wasipate tofauti yoyote. Mimi naliacha hapo.

Kasuku

Mkuu Mdadisi, naomba unisaidie hili. Nimesoma sehemu nyingi kwamba kila baada ya miaka 7 mwili mzima unakuwa mpya, seli zote zimebadilishwa. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona kovu langu la utotoni bado lipo?

Mdadisi

Kasuku, swali zuri, na jibu lake lina hadithi ambayo naipenda kuliko zote za uzi huu.

Si kweli. Kuna sehemu zinabadilika kwa siku, nyingine kwa miaka, na nyingine umezaliwa nazo na utazikwa nazo. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba unajifanya upya ndani ya siku chache. Chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120, na ili kufidia zinazokufa uboho wako unatengeneza kama milioni 2 kila sekunde. Mifupa inavunjwa na kujengwa kidogo kidogo, kama asilimia 10 kwa mwaka.

Lakini utajuaje umri wa seli ya ubongo au ya moyo? Haina alama. Huwezi kumwekea mtu rangi yenye mionzi na kusubiri miaka 40.

Jibu lilitoka kwenye mabomu. Tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi 1963, mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia hewani kwa majaribio. Milipuko ile iliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, angani hadi ikakaribia mara mbili ya kiwango cha asili. Baada ya mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya hewani, kiwango kilianza kushuka mwaka hadi mwaka, kaboni ile ikimezwa na bahari na mimea. Mimea inaivuta, mnyama anakula mmea, binadamu anakula vyote viwili. Hivyo kila aliye hai tangu wakati huo ana kaboni ya mabomu mwilini.

Seli inapozaliwa, DNA yake mpya inajengwa kwa kaboni iliyopo kwenye chakula cha mwaka huo. Isipogawanyika tena, kaboni ya DNA hiyo inabaki ilivyo. Kwa hiyo ukipima kaboni 14 iliyomo kwenye DNA ya seli za kiungo fulani na kulinganisha na rekodi za hewa, unapata mwaka zilipozaliwa. Waliofanya kazi hii ni Kirsty Spalding, Jonas Frisén na wenzao wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, na matokeo ya kwanza waliyatoa mwaka 2005.

Walichokuta: seli za fahamu za gamba la ubongo zina umri wa mwenye ubongo. Zile za kuzaliwa nazo ndizo hizo. Misuli ya moyo inabadilika, jambo ambalo vitabu vilikuwa vikilikana, lakini taratibu sana: asilimia 1 kwa mwaka ukiwa na miaka 25, chini ya nusu ya hiyo ukifika 75. Maana yake mtu anafika uzeeni akiwa bado na zaidi ya nusu ya seli za misuli ya moyo alizozaliwa nazo. Seli za mafuta zinabadilika haraka kuliko hizo mbili, kama asilimia 10 kwa mwaka, na hata mtu aliyepungua uzito sana idadi yake haishuki, zinasinyaa tu.

Gamba gumu la jino likishajengwa halijengwi tena, ndiyo maana kwa njia hiyohiyo jino la maiti asiyejulikana linaweza kuonyesha alizaliwa mwaka gani, kwa kukosea mwaka mmoja au miwili. Na katikati ya lenzi ya jicho kuna protini zilizotengenezwa ukiwa tumboni mwa mama yako. Unasoma maneno haya kupitia kitu cha kabla hujazaliwa.

Kovu lako, Kasuku: tabaka la juu la ngozi linabadilika kila baada ya wiki chache, ila kovu liko chini yake, kwenye tabaka la nyuzi. Nyuzi zinapobadilishwa, mpya zinafuata mpangilio uleule wa kovu. Chale za wino ziko tabaka hilo pia. Watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya, mwaka 2018, kwamba seli iliyomeza wino ikifa, wino unamezwa na seli nyingine palepale.

MamaWawili

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kuna mtu aliniambia kwamba seli za mtoto zinabaki kwa mama hata baada ya kujifungua. Niliona ni maneno ya kufurahisha akina mama. Kaka Mdadisi, hili lina ukweli?

Mdadisi

Lina ukweli, dada yangu, na walilijua kwa njia rahisi. Mwanamke hana kromosomu Y, kile kifungu cha vinasaba cha wanaume. Ukiikuta kwenye damu ya mama, lazima imetoka kwa mtu mwingine, na anayewezekana zaidi ni mtoto wa kiume aliyembeba. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake nchini Marekani waliripoti seli za namna hiyo kwenye damu ya mama ambaye mtoto wake wa kiume alishafikisha miaka 27. Mwaka 2012 timu ya Seattle ikapima bongo za wanawake 59 waliofariki, ikakuta DNA ya kiume katika zaidi ya nusu yao.

Seli hizi zinavuka kondo la nyuma wakati wa mimba. Chache sana, lakini zinakaa. Na zinavuka kwa njia ya pili pia: wewe una seli chache za mama yako. Watoto wa kike nao wanaacha seli zao, ni vile tu haziwezi kutambulika kwa Y.

Kuna lililo zito kuliko hilo. Mwaka 2002 huko Marekani mama mmoja aliomba msaada wa serikali, wakapimwa vinasaba yeye, baba na watoto. Majibu yakasema baba ni baba yao kweli, ila yeye si mama yao. Alituhumiwa udanganyifu na akawa hatarini kunyang'anywa watoto. Alikuwa na mimba nyingine, mahakama ikaagiza kuwe na shahidi wakati wa kujifungua na damu ichukuliwe palepale. Mtoto ametoka mwilini mwake mbele ya shahidi, na bado kipimo kikasema si wake. Ndipo wanasheria wakafahamu kwamba kulishawahi kuripotiwa mwanamke mwenye seli za aina mbili. Wakachukua sampuli kutoka shingo ya kizazi: ile ikalingana na watoto. Alikuwa ametokana na mapacha wawili walioungana tumboni wakiwa mafungu madogo ya seli, wakawa mtu mmoja. Damu na ngozi yake zilitoka kwa pacha mmoja, sehemu nyingine za mwili kwa mwingine. Watoto wake, kwa lugha ya vinasaba, ni wa dada yake ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Nikifikiria jinsi mama huyu alivyoambiwa na watu wenye karatasi mkononi kwamba watoto aliowazaa si wake, nachukia kila anayesema kipimo hakikosei. Kipimo kilisoma damu sawasawa. Swali waliloliuliza ndilo halikutosha.

Ngalawa

Duh. Naweka kambi hapa. Mkuu, na tumbo? Walijuaje chakula kinavyosagwa kabla hakujawa na mashine za kuangalia ndani?

Mdadisi

Ngalawa, kwa muda mrefu hawakujua, walibishana. Wapo waliosema tumbo linasaga kwa nguvu, wapo waliosema chakula kinachacha, wapo waliosema kuna maji ya kuyeyusha. Kilichomaliza ubishi ni ajali.

Tarehe 6 Juni 1822, kisiwa cha Mackinac, Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya karibu kabisa na kijana Alexis St. Martin, kibarua wa biashara ya ngozi za wanyama. Ikamfungua ubavu wa kushoto. Daktari wa jeshi William Beaumont alimtibu akiamini hatapona. Akapona, lakini kidonda kilipona vibaya: ukingo wa tundu la tumbo ulijishikiza kwenye tundu la ngozi, likabaki dirisha ambalo halikuziba maisha yake yote.

Agosti 1825 Beaumont akaanza. Alifunga vipande vya nyama ya kupikwa na mbichi, mkate mkavu wa zamani, na kabichi mbichi kwenye uzi wa hariri, akavipitisha kwenye tundu. Baada ya saa moja akavuta uzi: kabichi na mkate vilikuwa nusu, nyama ziko vilevile. Akarudisha. Saa ya pili vingi vilikuwa vimeisha kwenye uzi, vingine bado. Akakinga maji ya tumbo kwenye chupa, akatia nyama, akaiweka kwenye joto la mwili. Nyama ikayeyuka ndani ya chupa, nje ya mtu. Hapo hoja ya kusaga peke yake na ya kuchacha zikafa. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, usagaji unaharibika. Kitabu chake cha 1833 kina majaribio zaidi ya 200.

Vitabu vingi vinamsifu Beaumont na kumtaja mwenzake kama "mgonjwa". St. Martin hakujua kusoma wala kuandika, alisaini mkataba kwa alama, alikaa na njaa kwa maagizo ya daktari na kulazwa kwa saa nyingi ili maji yake yakingwe. Aliondoka zaidi ya mara moja kurudi kwa watu wake Kanada. Aliishi hadi 1880, miaka 27 baada ya daktari wake kufa. Familia yake iliacha mwili uharibike kabla ya kuuzika, kisha ikachimba kaburi refu mno, ili madaktari waliokuwa wakilitaka lile tumbo wasilipate. Elimu yetu ya tumbo imesimama juu ya mtu huyu, na jina lake linastahili kuandikwa mbele.

Mtembezi

Naomba kuchangia. Mimi moyo wangu uko kulia. Niligundua ukubwani nilipopigwa picha ya kifua kwa ajili ya kikohozi. Mpiga picha aliigeuza filamu mara kadhaa, akaniambia mashine imekosea, akanirudisha nyuma ya ubao. Ya pili ikatoka vilevile. Akanishika kifuani mwenyewe ndipo akanyamaza. Hadi leo sijui kwa nini niko hivi. Ini nalo liko kushoto.

Mdadisi

Mtembezi, asante sana, umeleta kitu cha thamani. Kwa makadirio mko kama 1 kati ya watu 10,000, viungo vyote vya ndani vimegeuzwa kama kwenye kioo, na wengi wanaishi salama kabisa.

Sababu imejulikana juzi tu. Kiinitete mwanzoni hakina kushoto wala kulia, pande ni sawa. Kisha kwenye kishimo kidogo zinaota nywele ndogo mno zinazozunguka zote uelekeo mmoja, zikisukuma maji kwenda kushoto. Mkondo huo ndio unaoamua upande. Wajapani waliuona kwenye viinitete vya panya mwaka 1998, na mwaka 2002 wakafanya jambo la kukata mzizi wa fitina: walielekeza mkondo wa maji upande wa pili kwa pampu. Viinitete vikaendelea kukua vikiwa vimegeuka kushoto na kulia.

Nywele zilezile za kusukuma ndizo zinazosafisha makohozi kwenye njia ya hewa. Wapo watu wanaozaliwa nywele zao hazifanyi kazi. Kwa kuwa hakuna mkondo, upande unaamuliwa kwa bahati, na kweli karibu nusu yao moyo uko kulia. Ndugu, umetaja kikohozi. Kama unakuwa na kikohozi, mafua na sinasi zisizoisha tangu utotoni, mwambie daktari mambo yote mawili kwa pamoja. Na hata kama huna, kila unapotibiwa sema mapema. Kidole tumbo kwako kitauma kushoto, na daktari asiyejua hatakifikiria.

Nuru77

Kwenye kupandikiza viungo je? Wakimpa mtu figo, lake linatupwa?

Mdadisi

Kwa kawaida hapana. Figo jipya huwekwa chini tumboni, karibu na nyonga, ambako mishipa ya damu ni rahisi kufikia na kibofu kiko jirani. Ya zamani mara nyingi yanaachwa yalipo, kwa hiyo anatembea na figo 3.

Moyo wa kupandikizwa una ajabu yake. Daktari anaunga mishipa ya damu, mishipa ya fahamu haiungiki, lakini moyo unapiga, kwa sababu una chanzo chake wenyewe cha mapigo. Ule mshipa wa fahamu unaoupunguza kasi haupo tena, kwa hiyo ukipumzika unapiga mara 90 hadi 110 kwa dakika. Na mtu huyo akishtuka, moyo wake haushtuki naye. Unasubiri adrenalini iufikie kwa njia ya damu, unaanza kukimbia baadaye, na jambo likishapita bado unakimbia.

Kwa haraka, yale ambayo watu wananitumia pembeni: nywele na kucha haziendelei kukua baada ya kifo, ngozi inakauka na kurudi nyuma, zinaonekana ndefu. Hakuna ramani ya ulimi yenye sehemu ya utamu na sehemu ya uchungu, weka chumvi ncha ya ulimi uone. Na hatutumii asilimia 10 ya ubongo. Hakuna sehemu ya ubongo inayopigwa na kiharusi ikawa hasara ndogo kwa sababu "haitumiki".

Kasuku

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Mzee wangu alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Analalamika vidole vya mguu ule vinawaka moto usiku. Nyumbani wengine wanasema amechanganyikiwa, na nesi mmoja alimwambia ajizoeze kusahau. Naomba kujua kama kuna maelezo.

Mdadisi

Kasuku, pole kwako na kwa mzee. Hajachanganyikiwa, na mwambie hivyo leo. Watu wengi waliokatwa kiungo wanaendelea kukihisi, na wengi wao kwa maumivu. Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa vita, aliliandika jambo hili karne ya 16. Daktari Silas Weir Mitchell alilikuta kwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Ufafanuzi ulianzia Montreal, Kanada, miaka ya 1930, kwa Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, kwa hiyo alimpasua mgonjwa akiwa macho, akagusa sehemu mbalimbali za ubongo kwa umeme kidogo na kumuuliza anahisi wapi. Ikapatikana ramani: sehemu ya mguu, ya mkono, ya uso. Mguu wa mzee umekatwa, ila sehemu yake kwenye ramani haikukatwa. Bado ipo, imenyimwa taarifa, na mishipa ya fahamu iliyokatwa kwenye kigutu inaendelea kuitumia taarifa za hovyo. Maumivu yanazalishwa humo, na ni maumivu halisi kama yako na yangu.

Miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Vilayanur Ramachandran alianza kutumia kioo cha kawaida. Kinasimamishwa kati ya miguu ili mgonjwa akitazama aone taswira ya mguu mzima mahali pa uliokatwa, kisha anauchezesha mguu mzima taratibu huku akijaribu kuuchezesha na ule usiokuwepo. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2007 liliwapa kazi hiyo wagonjwa 6 waliokatwa mguu, kila siku kwa wiki 4, na wote 6 walipata nafuu. Ni watu wachache, na kwa wengine haisaidii, lakini haina gharama ya kuogopesha.

Usianze peke yako. Mpeleke kwanza aangaliwe kigutu, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda au uvimbe wa mshipa wa fahamu unaochochea, na huo unatibika. Mwambieni daktari kwa maneno haya: "maumivu kwenye mguu uliokatwa, ya kuwaka, usiku." Dawa za kawaida za kutuliza maumivu mara nyingi hazifui dafu hapa, zipo za maumivu ya mishipa ya fahamu, na daktari ataangalia ipi inafaa kwa figo zake. Mwulize pia kuhusu kioo na mtaalamu wa fiziotherapia. Ukipata majibu, rudi utuambie humu.